Mstari Ulioachwa Wazi

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huku hatujambo, ukiondoa magoti ya wifi yako, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Binti yangu mkubwa amehamishiwa tawi jingine la benki, na mjukuu ameanza darasa la kwanza. Wenzake wameshampa jina. Wanamwita Mkaguzi, kwa sababu anaandika kwenye karatasi nani kachelewa na kachelewa dakika ngapi. Nikamwambia wifi yako, huyu hakunirithi mimi, amemrithi bibi yake wa cherehani.

Ningepiga simu, lakini sikio langu la kushoto lilistaafu siku moja na mimi, na la kulia linafanya kazi nusu siku.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tarehe mosi Juni bendera yetu inatimiza miaka arobaini tangu ipandishwe. Kamati ya sherehe imenikumbuka, mchoraji ramani mzee kama mimi, kwamba ndiye niliyeichora. Watachapa kijitabu kwa shule zote, ukurasa mmoja kwa kila rangi: kijani ni misitu na mashamba, manjano ni mavuno, na ule mstari mweupe wa katikati ni amani. Jina langu litakuwemo, na lako pia kama fundi uliyeishona ile ya kwanza. Siku yenyewe nimepewa dakika tano redioni nieleze maana ya rangi.

Wanachohitaji kwako ni maelezo mafupi yenye saini. Ili usisumbuke, nimeyapiga chapa mwenyewe. Tia saini pale nilipoweka alama ya kalamu, urudishe kabla Machi haijaisha. Ni saini tu.

Kaka yako,
Rula


Tarehe 19 Februari

Kaka Rula,

Shikamoo. Huku wazima. Wifi mwambie magoti ayakande kwa maji ya moto asubuhi, si jioni. Mwanangu wa pili amepata kazi ya kufunga umeme. Chumba cha ushonaji kimepakwa rangi upya, na cherehani ni ile ile, nimebadilisha mkanda tu. Mkaguzi mpe daftari nililotia ndani ya bahasha. Mwambie aandike tarehe kwanza, ndipo aandike mengine.

Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Sikutia saini.

Umeandika: "Mimi fundi niliyeshona bendera ya kwanza nathibitisha kwamba mstari wa kati ulikuwa mweupe tangu mwanzo, ukiwa ishara ya amani." Kaka, fundi gani mwenye akili zake angeweka mstari mweupe, mwembamba kama ule, kando ya manjano? Nyeupe ikikaa na manjano, ukirudi nyuma hatua ishirini huioni tena. Kila anayeshona sare za shule anajua hilo. Miaka arobaini watu wanapigia saluti mstari ambao hauonekani mpaka usimame chini ya mlingoti. Sikuuweka mimi kwa kupenda, na wewe unajua.

Na hayo maneno "tangu mwanzo" umeyatoa wapi? Mimi ninalo daftari la mwaka ule, lile la jalada la kijani. Panya ameonja pembe moja, lakini maandishi hakuyafikia. Nakunakilia kama yalivyo.

"Alhamisi. Nimeunga mstari wa kutu. Sindano imevunjika shubiri mbili kutoka upande wa kamba, nimeweka nyingine nikaendelea. Nimemaliza saa kumi jioni. Kaka kauona, kasema umenyooka kuliko rula."

"Jumamosi. Nimefumua."

Siku hiyo ya Jumamosi niliandika neno moja tu. Unanijua mimi: huandika hata idadi ya vifungo. Sasa jiulize kwa nini siku ile sikuandika zaidi.

Jambo la mwisho. Barua yako ina kurasa mbili. Umemtaja mjukuu, magoti, redio na kamati. Kitinda hukumtaja.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Daftari limefika, na Mkaguzi amelala nalo. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, halafu "Babu amekunywa chai mara mbili." Nyumba hii sasa haina siri.

Barua yako imenisikitisha. Sikukuomba ubishi, nilikuomba saini. Wewe na mimi tumebaki wawili, si vizuri kurushiana maneno kwa karatasi kama majirani wanaogombea ukuta. Hebu fikiri: watoto wa shule wanahitaji kitu kinachoeleweka. Amani inaeleweka. Sasa mtoto wa miaka saba utamweleza nini juu ya rangi ya kutu?

Tena daftari nalo huandikwa na binadamu. Siku zile sote tulikuwa na msiba, vichwa havikuwa vyetu. Inawezekana ulijaribu kitambaa kimoja, ukakiondoa, ukaweka kingine, kama mafundi wote wanavyofanya. Yaliyopita si ndwele, mdogo wangu, tugange yajayo.

Kamati imeniuliza tena juzi. Nimewaambia fundi ana kazi nyingi, saini inakuja. Usinitie aibu.

Wifi yako anasema maji ya asubuhi yamesaidia.

Rula


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Shikamoo, kwa sababu mama alinifundisha. Wifi asalimiwe. Huku mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja mahali pamoja. Habari za nyumbani ni hizo, sina nyingine.

Umeandika "msiba" kana kwamba ulidondoka kutoka mawinguni. Msiba wa nani? Mbona kalamu yako inaogopa? Basi nitaandika mimi, na wewe utasoma mpaka mwisho.

Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama yetu, ambaye mimi nilimbeba mgongoni na wewe ulimfundisha kuchora nyumba yenye madirisha mawili, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Waligoma siku tisa. Siku ya kumi walinzi wa kiwanda wakapiga risasi getini, na watu kumi na mmoja wakabaki chini. Wote walikuwa wamevaa ovaroli za rangi ya kutu. Waliotarajia kushika nchi walisema nini? Walisema mgomo ule ni fedheha, umekuja miezi minne kabla ya siku kubwa ya kupandisha bendera. Hakuna aliyesema pole.

Ni wewe, Rula, si mimi, uliyekuja hapa na mchoro. Ulikaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi ukasema, "Sindano, mwenyekiti wa kamati ya bendera kaniachia mstari wa kati nichague mwenyewe. Nimemchagulia Kitinda." Nikakuambia madukani hakuna kitambaa cha rangi hiyo. Ukasema, "Kipo." Ukaenda nyuma ya nyumba ukarudi na ovaroli yake ya pili, ile aliyoiacha kambani asubuhi ile ikikauka. Nilikata miguu yake miwili. Nikaunga vipande vinne kupata urefu. Nilikuwa nalia, na wewe ulinishikia kitambaa kisiteleze. Mstari wa katikati ya bendera ulikuwa huo.

Alhamisi ukausifu. Ijumaa ukaenda nao kwenye kamati. Jumamosi ukarudi na bendera kwapani kama gazeti, hukukaa, ukasema, "Fumua. Wamekataa." Nikauliza nitie rangi gani. Ukatoa penseli, ukaandika kwenye mchoro pale katikati: "Paachwe wazi." Ukaniambia, "Weka nyeupe kwa sasa. Rangi itakuja." Kaka, hiyo "kwa sasa" yako imeota mvi. Ule mstari haukupewa maana yoyote. Ni pengo lililozibwa kwa shuka, na baadaye mtu akaliita amani.

Kipande nilichofumua ulikichukua. Nikakuuliza umekipeleka wapi. Ukasema umekichoma, kisije kikatuponza.

Mimi sikukulaumu. Miaka arobaini nimemlaani yule mwenyekiti wa kamati, mwenye miwani ya dhahabu. Mke wake aliniletea kitambaa cha gauni mara tatu, mara tatu nikamwambia cherehani mbovu. Alipokufa mumewe sikwenda hata kusimama mlangoni.

Sasa nijibu kwa maandishi, ya mdomo yanapeperuka. Alisema nini siku ile ya Ijumaa? Nipe maneno yake kama yalivyo. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sindano


Tarehe 21 Aprili

Kaka,

Tangu nikuandikie ni siku thelathini na saba. Kwangu posta inachukua siku nane. Kama barua yako haijafika, basi haijaandikwa.

Machi imekwisha. Karatasi yako bado iko hapa, chini ya pasi.

Sindano


Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa mara hii hukuniamkia.

Wote hawajambo. Niliandika barua tatu nikazichana. Mkaguzi aliona vipande kwenye kapu akaandika: "Babu anachana karatasi nzima nzima." Nikaona ni afadhali niandike hii mpaka mwisho.

Umeomba maneno yake kama yalivyo. Chumba kilikuwa cha orofa ya pili, meza ndefu, watu saba. Bendera niliitandaza mezani. Waliipenda. Mmoja alisema kijani kimekolea vizuri. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaweka kidole kwenye mstari wa kati akaniuliza, "Na hii ya kutu, maana yake nini?"

Alitaka kujua tu. Hakukasirika. Naapa hakukasirika, na hilo ndilo linalonikosesha raha hadi leo. Angekasirika ningepata cha kusingizia.

Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Niliifanyia mazoezi njia yote. Nikatazama zile sura saba, nikakumbuka waliyosema juu ya mgomo, nikakumbuka nina mke na mtoto wa miezi mitano na kiti kipya ofisini. Nikasema, "Haina maana, mheshimiwa. Ni kitambaa kilichokuwepo."

Akasema, "Basi kama haina maana, iondoe."

Yalisemwa hayo tu. Hakuna aliyekataa kitu. Walikuwa hawajui hata kwamba kuna kitu cha kukataa.

Nisamehe. Sijui kama neno hilo linafika huko kwa posta.

Rula


Tarehe 12 Mei

Rula,

Salamu sina.

Haina maana!

Nimeandika maneno hayo kwenye daftari la leo, na kalamu imetoboa karatasi. Nilifikiri ulitishwa. Nilifikiri ulipigiwa meza. Nimekuwa nikikuona, katika kichwa changu hiki kijinga, umesimama mbele ya watu saba unamtetea mdogo wako mpaka wanakushinda nguvu. Nimewasimulia wanangu hivyo! Nimewaambia, "Mjomba wenu alijaribu." Kumbe mjomba wao aliulizwa kwa upole, na jibu analo mfukoni, akalimeza.

Ovaroli ya Kitinda: kitambaa kilichokuwepo. Ndivyo ulivyomweka. Walinzi walimuua mara moja, getini. Wewe ulimfuta mezani, na hakuna aliyekushika mkono.

Na baada ya hapo ukaja kwangu ukasema "wamekataa." Ukaniachia mimi kisu cha kufumulia. Tundu moja moja, kaka. Unajua ilichukua saa ngapi? Mishono kumi katika kila inchi, pande mbili, urefu wa bendera nzima. Nilifumua bila kuandika kitu kwa sababu niliamini tumeonewa sote wawili. Yule mwenyekiti nimemkosea. Mkewe bado yupo, anatembea kwa mkongojo, na wiki ijayo nitakwenda kumwomba radhi na kumshonea hilo gauni, ingawa sijui nitaanzia wapi kumweleza.

Neno lako la msamaha limefika. Limekaa hapa mezani. Siwezi kuligusa.

Nakuambia utakalofanya. Tarehe mosi Juni una dakika tano redioni. Utaulizwa maana ya rangi. Ni swali lile lile, kaka! Watu wengi hawaulizwi mara mbili. Utasema mstari ule ulikuwa wa kutu, ulitoka kwenye ovaroli, na ulikuwa wa watu kumi na mmoja. Utasema kazi ya Kitinda. Jina lake kama linakukwama, sema "mdogo wangu." Mimi nitakaa na redio. Nitakuwa nimefunga duka.

Usiposema, usiniandikie tena.

Karatasi yako nairudisha. Pale ulipoweka alama ya kalamu, nimeandika: "Paachwe wazi."

Sindano


Tarehe 29 Mei

Mdogo wangu Sindano,

Wifi yako anakusalimu. Ndiye aliyeniambia niitume hii kwa mtu anayesafiri, lakini sikumpata, kwa hiyo inakwenda kwa posta kama nyingine.

Ndani ya bahasha hii kubwa kuna kitu. Kabla hujakifungua keti kwanza.

Nilikudanganya kwamba nimekichoma. Nilikuwa na kiberiti mkononi, ni kweli. Nilikiviringisha nikakitia ndani ya bomba la ramani, nikaandika juu yake "Mipaka ya zamani" kwa sababu najua hakuna mtu ofisini atakayefungua mipaka ya zamani. Nilipostaafu nilitoka na kalamu zangu na bomba hilo. Limekaa juu ya kabati miaka yote. Hata wifi yako hakujua mpaka juzi. Alipokinyoosha alisema kinanuka sabuni. Mimi sikusikia harufu yoyote, labda pua nayo imestaafu.

Nitasema. Nimeandika kwenye karatasi: sentensi sita. Nimemsomea Mkaguzi, akaniambia, "Babu, hujaandika tarehe." Nikaandika.

Siku tatu zimebaki. Kaa na redio.

Kaka yako,
Rula


Tarehe 21 Juni

Kaka Rula,

Nilikaa na redio. Nilifunga duka saa mbili na nusu, nikaweka maandishi mlangoni: "Fundi ana shughuli." Mwanangu aliniletea betri mpya. Saa nne na dakika kumi ukasemeshwa. Yule mtangazaji, binti mwenye sauti ya kucheka, akakuuliza, "Mzee wetu, na huu mweupe wa katikati?"

Ukakohoa. Nilihesabu: ulikaa kimya sekunde nane. Hata yeye akasema, "Mzee?" Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya cherehani. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Sema, Rula. Sema."

Ukasema, "Amani, binti yangu. Ni amani."

Na watu wakapiga makofi.

Nilizima. Nikaandika kwenye daftari saa uliyosema na neno ulilosema. Siku ile nilifikiri habari yetu imekwisha hapo.

Barua yako ya tarehe 29 Mei imefika tarehe 13 Juni. Siku kumi na mbili baada ya makofi. "Nitasema," umeandika. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Halafu nikafungua kile kilichokuwa ndani, nikaacha kucheka.

Kinanuka sabuni. Ni ile ya mche tuliyokuwa tukikata kwa uzi. Wifi hakukosea.

Nilikitandaza mezani na kukitazama siku mbili. Siku ya tatu nikavaa viatu, nikachukua kipande, daftari la jalada la kijani na futi kamba, nikapanda basi la asubuhi kwenda kwenye nyumba ya makumbusho. Mtunzaji ni mwanamke mdogo, ana miwani na mikono misafi. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeshona hicho kilichomo kwenye kabati lako la kioo." Akanitazama, halafu akasema jambo ambalo hukuwahi kuniandikia.

Alisema, "Mama, ndiye wewe? Mwaka jana tuliitoa kuisafisha, tukaona nyuma ya mstari mweupe kuna safu ya pili ya matundu. Nilimwandikia mzee mchoraji mwezi wa kwanza nimuulize. Hakunijibu. Kamati ndiyo iliyonijibu, kwamba fundi ataleta maelezo yenye saini."

Mwezi wa kwanza! Na barua yako ya "ni saini tu" ni ya tarehe sita ya mwezi wa pili. Kwa hiyo hukunikumbuka, kaka. Uliogopa matundu.

Nilimweleza kwa nini matundu yana safu mbili. Kitambaa kikitobolewa mara mbili mahali pamoja huchanika, kwa hiyo fundi hupitisha mshono mpya pembeni ya ule wa zamani. Wewe umezoea penseli, ukadhani kila kitu kinafutika. Nguo si karatasi. Ukifumua, uzi unatoka, tundu linabaki.

Akafungua kabati. Akavaa glavu, nami akanipa. Tukaigeuza bendera upande wa nyuma, tukalaza kipande kando ya mshono. Akasogeza kidogo kidogo. Nikamwambia, "Tafuta shubiri mbili kutoka upande wa kamba. Sindano ilivunjika hapo." Akapima. Kwenye kipande kuna tundu kubwa, na baada yake nafasi ya mshono mmoja mrefu kama punje ya mchele. Kwenye kijani, hapo hapo, tundu kubwa, na nafasi ile ile ya mshono mrefu. Vingine vyote vikakaa, tundu kwa tundu, mpaka mwisho. Yule binti akavua miwani. Nikasoma ukurasa wa Alhamisi. Nikasoma ukurasa wa Jumamosi.

Nilimtaja Kitinda kwa jina lake lote, na la baba, na kazi yake. Wale kumi wengine pia. Yamo kwenye daftari, niliyaandika siku ya mazishi. Yule mtunzaji aliandika yote.

Kipande sasa kiko ndani ya kabati, kando ya bendera, kwenye ubao wenye kitambaa cheusi. Huko kinaonekana hata ukiwa mlangoni. Chini yake kuna kadi. Aliiandika mbele yangu, kwa mwandiko mzuri: "Mstari wa kwanza wa bendera, rangi ya kutu, umekatwa kwenye ovaroli ya fundi mitambo aliyeuawa getini." Halafu majina kumi na moja. Halafu: "Ulishonwa siku ya Alhamisi, ukafumuliwa siku ya Jumamosi, kwa sababu"

Hapo akainua kalamu akaniuliza, "Kwa sababu gani, mama?"

Barua yako ya tarehe 3 Mei ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Ningeitoa ingekwisha. Nilishika kifungo cha mkoba, nikakiachia.

Nikamwambia, "Paache wazi. Yupo mwenye jibu. Atakuja kulijaza mwenyewe."

Ameacha nafasi ya mstari mmoja. Nimeipima: inchi sita. Inakutosha.

Wanafungua Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kalamu wanayo. Njoo na Mkaguzi, aandike tarehe.

Shikamoo yako ipo. Utaikuta pale kwenye kioo.

Sindano